Kiolezo cha lesi ya bobini kinapogoma: dalili, chanzo na marekebisho

Lesi ya bobini husukwa juu ya mto kwa jozi za nyuzi zilizozungushwa kwenye vijiti viitwavyo bobini, zikishikiliwa na pini zinazochomwa kwenye nukta za kiolezo, yaani karatasi au kadi yenye mchoro. Makosa mengi yanayojitokeza juu ya mto huo huwa yalizaliwa kwenye karatasi. Msukaji ananing'iniza jozi zake, anaanza vizuri, na baada ya sentimita tano kitambaa kimelegea kama chujio, au nyuzi zimebanana mpaka pini hazina pa kusimama. Anaulaumu mkono wake. Anakaza uzi, anafumua, anaanza upya, na tatizo linarudi palepale. Kabla ya kufumua mara ya pili, chukua rula upime kiolezo.

Rula iwe ya chuma, yenye milimita zinazosomeka. Futikamba ya fundi cherehani haifai hapa, maana hunyumbuka kadiri inavyotumika. Anzia kupima kwenye alama ya sentimita 1, si kwenye ncha ya rula: ncha huchakaa, na nusu milimita inaliwa bila wewe kujua. Kioo cha kukuzia nacho kiwe karibu.

Lesi imetoka ndogo kuliko ilivyoandikwa

Kiolezo kinasema upande wa ndani wa lesi ya leso ni milimita 250. Wewe umepata 242 na nusu, na kitambaa cha leso hakiingii. Au umefuata idadi ya jozi na uzi uleule ulioelekezwa, na bado sehemu zilizojaa zimejaa kupita kiasi.

Mshukiwa wa kwanza ni printa kuminya mchoro. Programu nyingi za kusomea PDF, na vivinjari vya intaneti hasa, huwa zimewekwa tangu mwanzo kutosheza mchoro ndani ya ukurasa. Printa nyingi haziwezi kuweka wino kwenye milimita chache za pembezoni, basi programu inaupunguza mchoro mzima ili uingie katika eneo linalochapika. Hapo unapoteza asilimia 2, 3 au zaidi. Kiolezo kilichotengenezwa kwa A4, yenye urefu wa milimita 297, kikichapishwa kwenye karatasi ya Letter ya Marekani, yenye urefu wa milimita 279, hushuka hadi takriban asilimia 94.

Kwenye dirisha la kuchapisha tafuta sehemu ya ukubwa, chagua ukubwa halisi au andika 100 mwenyewe. Usiishie hapo. Fungua pia mipangilio ya printa yenyewe, maana wakati mwingine kuna kuminya kwa pili kulikojificha huko, na hizi mbili huzidishana: 97 kwa 97 ni 94. Mtu anarekebisha moja, anaona mchoro umekua kidogo, anadhani kazi imekwisha.

Kisha pima. Kiolezo kizuri huwa na mstari au mraba wa majaribio, mara nyingi wa milimita 100 au 50. Pima upande wa kulala na upande wa kusimama, pande zote mbili. Ikiwa mstari wa 100 umetoka 97, gawanya unachotaka kwa ulichopata: 100 ÷ 97 = 1.031. Chapisha upya kwa asilimia 103, kisha pima tena. Lakini hii ni njia ya dharura. Ukiweza kupata 100 safi kwa kuzima kuminya, fanya hivyo, kwa sababu ukubwa uliofidiwa leo utasahaulika kesho na kiolezo kijacho kitatoka kikubwa.

Kiolezo kisipokuwa na mstari wa majaribio, tumia ukingo ulionyooka. Hesabu nafasi 20 kati ya pini za ukingo huo, pima urefu wake wote, ugawe kwa 20. Kupima nafasi moja hakukuambii kitu: kosa la asilimia 3 kwenye nafasi ya milimita 5 ni milimita 0.15 tu, na jicho halilioni. Kwenye nafasi 20 ni milimita 3 kamili.

Chanzo kingine ni faili la picha lililopoteza kipimo chake. Picha iliyoskaniwa kwa nukta 300 kwa inchi hubeba namba hiyo ndani ya faili. Ikitumwa kwa simu au ikihifadhiwa upya na programu fulani, namba hufutika, na kompyuta inaisoma kana kwamba ni 96 au 72. Ikisomwa kama 96, mchoro hukua mara 3 na zaidi. Ikisomwa kama 72, mara 4 na zaidi. Hapo programu huuminya uingie kwenye ukurasa, na ukubwa unaotoka hauna uhusiano wowote na kiolezo cha asili. Dawa yake ni kuiweka picha kwenye programu ya michoro na kuandika upana wake kwa milimita, wala usikadirie kwa macho. Zaidi ya hayo, programu za kutumiana ujumbe hupunguza ubora wa picha njiani. Omba faili litumwe kama hati.

Fotokopi ya fotokopi ni ugonjwa wa pole pole. Mashine ikipunguza asilimia 1 tu kila mara, nakala ya tano imebaki na asilimia 95. Pia kila kizazi huzinenepesha nukta na kuzisogeza kidogo. Weka nakala moja mama, isiyotobolewa wala kuandikwa, na nakala zote zitokane na hiyo.

Upande mmoja uko sawa, mwingine hauko sawa

Duara limekuwa yai. Au lesi ya leso yenye kona inakwenda vizuri upande wa kwanza, na baada ya kugeuka kona upande wa pili haulingani na wa kwanza. Kona ndiyo inayofichua kosa hili, kwa sababu mkono mmoja wa lesi ulichapwa kwa urefu wa karatasi na mwingine kwa upana wake. Printa ikiteleza asilimia 2 upande wa kuvuta karatasi, marudio 30 ya mchoro, kila moja la milimita 10, yatakuwa milimita 300 upande mmoja na 294 upande mwingine. Msukaji wa Torchon, aina ya lesi inayofuata gridi, hataona kwa jicho kwamba gridi yake ya digrii 45 sasa ina digrii 44 na kitu. Ataona tu kwamba pembe hazikutani.

Kuna jaribio rahisi linalotenganisha faili na printa. Chapisha mraba wa milimita 100, uandike mshale wa mwelekeo ambao karatasi iliingilia. Kisha geuza mchoro robo duara ndani ya programu, uchapishe tena kwenye karatasi iliyoingizwa vilevile. Kosa likibaki kwenye mwelekeo wa karatasi, mwenye lawama ni printa: roli zake zimechafuka au zinateleza, au karatasi ni nzito kuliko inavyoweza kuvuta. Kosa likigeuka pamoja na mchoro, basi liko ndani ya faili.

Pima pia pembe kwa pembe. Mraba wa milimita 100 una ulalo wa milimita 141.4, na milalo yote miwili lazima ilingane. Pande zote nne zikiwa 100 na ulalo mmoja ukawa 140 na mwingine 143, mraba umeinama: karatasi iliingia mshazari, au iliskaniwa ikiwa imekunjamana. Ulalo ukilingana lakini pande zikatofautiana, kuna kuvutwa upande mmoja.

Violezo vilivyopigwa picha kwa simu vina tatizo lao. Simu isipokuwa sambamba kabisa na karatasi, upande wa mbali hutoka mwembamba, na lenzi yenyewe huipinda mistari karibu na kingo. Hakuna asilimia ya kuzidisha itakayoponya hilo. Tumia skana. Kama simu ndiyo pekee iliyopo, weka rula mbili zenye pembe mraba kando ya kiolezo, simama mbali ukivuta picha karibu, kiolezo kikae katikati ya fremu, halafu unyooshe picha kwa kuzifuata zile rula. Kwa lesi nyembamba yenye nukta zilizokaribiana, hata hivyo usiiamini mpaka uipime.

Skani kwa nukta 300 kwa inchi, au 600 kwa kazi laini. Kwenye 300, kila nukta ya skana ni milimita 0.085, kwenye 150 ni 0.17, na hapo kitovu cha tundu kinaanza kupotea. Karatasi nayo hubadilika: printa ya leza huipasha moto na kuikausha, na karatasi iliyokaa penye unyevu hutanuka, zaidi upande mmoja kuliko mwingine. Iache ipoe na itulie saa moja hivi kabla ya kupima na kutoboa. Kiolezo cha kurasa kadhaa kichapishwe chote kwa mkupuo mmoja, kwa karatasi za bunda moja.

Kipimo ni sahihi lakini lesi bado ni nyepesi au imebanana

Hapa karatasi haina kosa. Uzi ndio usiolingana na kiolezo. Namba zilizoandikwa kwenye vibandiko vya uzi hazisaidii sana, maana uzi wa pamba na uzi wa kitani wenye namba moja haulingani unene, na kila kiwanda kina mfumo wake. Kinachosema kweli ni kuzungushia.

Zungusha uzi kwenye rula au penseli, mizunguko ikilala ubavu kwa ubavu, inagusana bila kupandana na bila kuvutwa. Jaza sentimita 2, hesabu mizunguko, gawa kwa 2. Rudia mara tatu uchukue wastani, kwa sababu mkono hukaza zaidi mwishoni. Fanya hivyo kwa uzi ulioelekezwa na kwa uzi ulio nao. Kisha:

asilimia ya kuchapisha = mizunguko ya uzi wa asili ÷ mizunguko ya uzi wako × 100

Uzi wa asili ukiwa na mizunguko 30 kwa sentimita na wako 24, chapisha kwa asilimia 125. Lesi ya upana wa milimita 40 itakuwa ya milimita 50, idadi ya bobini haibadiliki, na uwiano wa uzi na nafasi unabaki kama mbunifu alivyokusudia. Ukiwa na uzi mwembamba wa mizunguko 40, ni asilimia 75. Fahamu kwamba kitufe cha fotokopi cha kutoka A4 kwenda A3 hukuza urefu kwa asilimia 141, si 200. Kinachokuwa maradufu ni eneo. Kurudi chini ni 71.

Usipokuwa na uzi wa asili wa kulinganisha, suka kipande cha majaribio chenye marudio matatu na uangalie sehemu iliyojaa, ile iliyosukwa kama kitambaa. Uzi mnene kupita kiolezo huzisukuma pini ziegemee nje, na ukizing'oa kitambaa kinajikunja mawimbi. Uzi mwembamba kupita kiolezo hukupa sehemu iliyojaa inayoonekana kama shashi, na ukiisukuma kwa kucha nyuzi zinasogea na hazirudi. Iliyo sawa husogea kidogo na kutulia. Usihukumu kwa sehemu ya wavu peke yake. Wavu husamehe mengi.

Ukikikuza kiolezo, badilisha na pini. Pini nyembamba za lesi laini hupinda kwenye kadi nene na uzi mzito, na pini nene kwenye gridi ya milimita 2 hula nafasi ya uzi.

Ukingo umepinda, matundu hayako mahali pake

Kwa maoni yetu hii ndiyo sehemu inayostahili muda mwingi kuliko zote, na ndiyo wengi wanayoiharakisha. Kuna wanaobandika karatasi iliyochapwa juu ya mto na kutoboa kwa pini wakiwa wanasuka. Kwa kazi nene inawezekana. Kwa lesi laini, pini inayosukumwa kwa kidole huku mkono mwingine umeshika bobini haitapiga katikati ya nukta, na kila kosa litasukwa ndani ya lesi.

Anza na nukta yenyewe. Nukta ya kipenyo cha milimita 1 kwenye gridi ya milimita 2.5 inakuruhusu kukosea nusu milimita kila upande ukiwa bado "ndani ya nukta", na nusu milimita ni moja ya tano ya nafasi yote. Nukta ziwe na kipenyo cha milimita 0.3 hadi 0.5. Faili likiwa la mistari, punguza ukubwa wa nukta. Likiwa picha yenye nukta za madoa madoa, chora upya juu yake kwenye gridi. Kwa Torchon ni kazi ya jioni moja, kwa sababu kila tundu lazima liangukie kwenye makutano ya gridi. Bucks Point, aina nyingine ya lesi, hukaa kwenye gridi yenye mwinuko mkali zaidi ya digrii 45, kwa hiyo karatasi ya miraba ya kawaida haiifai. Tafuta pembe ya kiolezo chako kwanza kwa kupima.

Kisha sindano. Tumia sindano iliyofungwa kwenye mpini, nyembamba kidogo kuliko pini utakazosukia, ili pini ilipanue tundu lenyewe na kubanwa. Ichomeke kwenye kipande cha nta ya nyuki kila baada ya matundu kadhaa. Sindano kavu huvuta karatasi na kuisogeza. Chini weka kitu kinachopokea sindano bila kulegea: ubao laini wa kubandikia matangazo, au blanketi la sufu lililokunjwa mara kadhaa na kukazwa. Sponji ya godoro ni laini mno. Kadi huzama pamoja na sindano, tundu linatoka kama kikombe, na kiolezo kizima kinajivuta kuelekea hapo.

Utaratibu ni huu:

1. Weka kadi juu ya ubao, karatasi iliyochapwa juu yake. Zishikamanishe kwa pini nne za pembeni na selotepu pande zote. Tabaka likiteleza hata mara moja, kazi imeharibika kuanzia hapo.
2. Toboa ukingo ulionyooka kwanza, rula ya chuma ikiwa imelala kando ya nukta kama reli. Sindano iguse rula lakini isiisukume.
3. Nenda kwa mistari ya mshazari, usirukeruke. Jicho linalofuata mstari hushika nukta iliyopotoka mara moja.
4. Sindano isimame wima. Ikiegemea digrii 10 kwenye tabaka la unene wa milimita 1, tundu la chini linahama karibu milimita 0.2. Mwenye kutumia mkono wa kulia huegemea kulia bila kujua. Geuza ubao kila safu kadhaa uweze kujiona.
5. Kabla ya kufungua chochote, inua ukingo mmoja na uangalie kadi dhidi ya dirisha. Matundu yaliyorukwa yataonekana kama nyota zilizokosekana. Yatoboe sasa, maana karatasi ikishaondoka hutaweza kuirudisha palepale.

Sikiliza pia. Kadi nzuri hutoa mlio mdogo mkavu sindano inapopenya, na unauhisi vidoleni. Mlio ukipotea, ama ncha imekuwa butu ama umetoboa penye tundu tayari.

Tundu lililokosewa lisiachwe wazi pembeni mwa lililo sahihi, kwani pini huchagua njia rahisi na itaingia kwenye kosa. Bandika kipande cha selotepu nyuma, pangusa mbele kwa ukucha hadi kingo za tundu zilale, halafu toboa upya. Matundu mawili yakiwa karibu mno hadi yanaungana, tupa sehemu hiyo na upachike kiraka cha kadi ileile. Kiraka kisizidi unene wa kadi.

Pini zinayumba, au zinagoma kuingia

Kadi nyembamba ndiyo sababu ya kawaida. Karatasi ya gramu 80 haishiki pini. Unahitaji kadi ngumu, laini usoni, ya gramu 250 kwenda juu, au karatasi iliyochapwa ikabandikwa juu ya manila. Zamani violezo vilitobolewa kwenye ngozi iliyokaushwa ya mnyama, kwa sababu haipasuki kati ya matundu yaliyokaribiana. Kadi yako inatafutiwa sifa hiyohiyo. Ikunje kipande: ikivunjika na kuonyesha nyuzinyuzi nyeupe, itachanika kwenye safu yenye matundu mengi.

Ukibandika, usitumie gundi ya maji. Hulowesha karatasi, inatanuka, na kipimo ulichokihangaikia kinapotea, tena upande mmoja zaidi ya mwingine. Gundi kavu ya kijiti ni afadhali, ukiipaka kwenye kadi na si kwenye karatasi. Pima mstari wa majaribio tena baada ya kubandika.

Pini zinazogoma kuingia, au zinazotoka zikiwa na utando unaonata, zinalalamikia gundi ya plastiki ya kujibandika iliyofunika kiolezo. Tabaka moja la plastiki linatosha; mawili huzivisha pini gundi, na gundi ikihamia kwenye uzi hukusanya vumbi. Zipanguse pini kwa kitambaa chenye spiriti, zikauke kabisa. Pini zikiyumba ingawa kadi ni nzuri, angalia mto wenyewe kabla ya kulaumu kiolezo: mto uliolegea haushiki chochote.

Uzi mweupe umeingia kijivu au buluu

Wino wa printa nyingi za wino huyeyuka kwa maji. Jasho la vidole tu linatosha kuuhamisha. Lowesha pamba kidogo, sugua pembeni mwa karatasi iliyochapwa. Pamba ikipata rangi, uzi nao utaipata. Tona ya printa ya leza haiyeyuki kwa maji kwa kuwa imeyeyushwa kwa joto ikashikamana na karatasi, lakini hubanduka unga mwembamba pale karatasi inapokunjwa au kukwaruzwa na pini. Yote miwili funika kwa plastiki ya kujibandika isiyong'aa. Ipake ukianzia upande mmoja, ukiisukuma kwa ukingo wa rula iliyovishwa kitambaa, ili mapovu yatoke mbele. Fanya hivyo kabla ya kutoboa.

Plastiki ya buluu au kijani kibichi ni bora kwa uzi mweupe, maana uzi mweupe juu ya karatasi nyeupe unapotea na macho yanachoka. Kwa uzi mweusi tumia ya wazi au ya njano. Usipokuwa nayo, chapisha kwenye kadi ya rangi na mistari ya kuongoza iwe ya kijivu hafifu.

Usiandike kwa penseli kwenye kiolezo, hata alama moja. Risasi ya penseli hupanda kwenye uzi na haitoki kwa kuosha mara moja. Alama za jozi, za uzi mnene wa kuzungushia na za mwelekeo ziandikwe kwa kalamu ya wino usiofutika, nazo zikae siku nzima kabla ya uzi kuzigusa.

Vipande haviungani

Lesi ndefu au ya kuzunguka huchapwa kwenye kurasa kadhaa, na kwenye kiungo pini mbili zinakaribiana au kuachana. Kosa la milimita 0.2 kwenye kila rudio halionekani, ila kwa marudio 30 ni milimita 6. Kwa hiyo pima marudio kumi kwa pamoja kwenye kila ukurasa na ulinganishe. Kurasa zipandane kwa rudio moja zima, si kwa ukingo wa karatasi. Choma pini kupitia matundu matatu yanayofanya pembetatu kwenye tabaka zote mbili. Pini moja peke yake haiwezi kuzuia mzunguko. Zikikaa bila kulazimishwa, kata tabaka zote mbili kwa wembe kwa mara moja, ukipita kati ya matundu kwa mstari unaopindapinda, usikate tundu. Unganisha kwa nyuma.

Mto wa roli, yaani wenye silinda inayozungushiwa kiolezo, una hesabu yake, na watu wengi huigundua wakiwa wamechelewa: mzingo wa roli lazima uwe idadi kamili ya marudio. Roli ya kipenyo cha sentimita 12 ina mzingo wa milimita 377. Rudio likiwa la milimita 24, hapo yanaingia 15 na robo tatu hivi, na kiungo kitakuwa na pengo baya. Marudio 16 yanahitaji milimita 384, yaani kipenyo cha milimita 122.2. Zungushia roli kitambaa cha flaneli, tabaka kwa tabaka, mpaka mzingo ufike 384. Upime kwa utepe uliokatwa kutoka kwenye kadi ileile ya kiolezo, kwa sababu unene wa kadi nao huongeza. Ni rahisi kuinenepesha roli kuliko kuubana mchoro: ukiupunguza mchoro ili uingie, unarudi kwenye tatizo la uzi.

Mchoro umegeuka kama kwenye kioo

Maandishi yakisomeka kinyume, chaguo la kugeuza limebaki limewashwa kwenye printa, mara nyingi baada ya kuchapisha karatasi ya kupasia kwenye fulana. Maandishi yakiwa sawa lakini ukingo ulionyooka uko upande usiouzoea, huenda si kosa: Uingereza wamezoea kuuweka kulia, na katika sehemu kubwa ya Ulaya bara unawekwa kushoto. Geuza faili ukitaka, lakini geuza na maelekezo yake. Na kadi iliyotobolewa kutoka nyuma huwa imegeuka, kwa hiyo andika neno "MBELE" kabla ya kutoboa.

Kiolezo cha zamani hakisukiki

Vitabu vya kwanza vya mifano ya lesi ya bobini vilichapwa Venice mwaka 1557 na Zürich mwaka 1561, kwa mbao za kuchongwa. Picha zake ni nzuri ajabu, lakini ni michoro ya mwonekano, haina matundu. Kuzichapisha na kuanza kuchoma pini ni kupoteza uzi. Kwanza amua unene wa uzi, kisha gridi, kisha uweke tundu kila mahali ambapo jozi inageuka.

Kiolezo cha kadi kilichosukiwa mara nyingi kina shida tofauti: matundu yamepanuka, na kila moja limevutwa kuelekea upande uzi ulikokazwa. Ukikinakili kama kilivyo, unanakili uchakavu wake. Kiskani, kiweke chini ya gridi kwenye programu, tafuta ukubwa wa gridi kwa kupima nafasi nyingi kwa pamoja, kisha weka nukta mpya kwenye makutano yaliyo karibu na kila tundu. Mahali ambapo nukta mpya inatofautiana na ya zamani kwa zaidi ya robo ya nafasi, simama kwanza. Huenda mtengenezaji alilihamisha tundu kwa makusudi ili ua likae mviringo, na hapo mfuate yeye, si gridi.

Kadi mpya ikishakamilika, andika pembeni mwake asilimia iliyochapishiwa, uzi, mizunguko kwa sentimita na idadi ya jozi, kisha ihifadhi ikiwa imelala, isikunjwe.